GeoGebra, Maple, Python au Octave: utumie ipi kupata kivuli cha umbo kwenye mstari au bapa?

Kuna swali linarudi kila muhula: nimeshachora umbo langu, pembetatu au mche au uso wa z = x² + y², sasa naambiwa nitoe projeksheni yake kwenye mstari huu au kwenye bapa lile, nitumie programu gani? Na majibu anayopewa mtu ni yaleyale, wa Python anasema Python, mwalimu wa sekondari anasema GeoGebra, mhandisi aliyesoma na MATLAB haoni kingine, alafu muulizaji anabaki palepale na kazi inatakiwa Ijumaa.

Mi naweka msimamo wangu mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Zote nne zinaweza kutoa hicho kivuli, hakuna inayoshindwa. Cha kuangalia ni unataka kufanya nini nacho kikishapatikana. Kuna mtu anataka kukivuta na kukizungusha mbele ya darasa, kuna anayetaka sehemu kamili 19/9 na siyo 2.11, kuna mwenye nukta laki tano na anataka zote zishuke kwa mpigo. Ni kazi tatu tofauti hizo.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini

Projeksheni ya hapa ni ile ya pembe mraba. Kila nukta ya umbo inashuka moja kwa moja mpaka kwenye bapa, inapogusa unatia alama, ukiunganisha alama zote unapata kivuli, kama jua la saa sita likiwa utosini kabisa, ila bapa lako linaweza likawa limeinama kwaiyo "kushuka" kwake siyo lazima kuwe kwenda sakafuni. Waliopita form four, iwe Kenya au Tanzania, wanaikumbuka kwenye ile mada ya maumbo ya 3D, ukitafuta pembe kati ya mstari na bapa lazima kwanza upate projeksheni ya huo mstari.

Kanuni ni fupi. Ukiwa na bapa lenye nukta p0 na vekta n iliyosimama wima juu yake, yenye urefu 1, nukta p inaangukia q = p − ((p − p0)·n) n. Ukiwa na mstari unaopita p0 ukielekea u yenye urefu 1, inaangukia q = p0 + ((p − p0)·u) u. Basi. Programu zote nne zinafanya hii hesabu, tofauti ni kwamba nyingine zinaificha na nyingine zinakuachia uiandike mwenyewe.

Alafu kuna mtego unawapata wengi sana. Skrini yako ni bapa tayari, kwaiyo kila programu ya 3D inafanya projeksheni muda wote ili wewe uone picha, na ukiingia kwenye menyu kutafuta neno hilo unakutana na mipangilio ya kamera tu. GeoGebra ina kitufe cha kuchagua mwonekano sambamba, wa upeo, wa miwani ya rangi mbili au wa mshazari. Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora, nayo ina `projection='3d'` ambayo kazi yake ni kukufungulia mhimili wa 3D tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa kivuli kama kitu cha kujitegemea, unachoweza kukipaka rangi au kukipima eneo.

Pembetatu ya kupimia

Nimechukua umbo moja nikalipitisha kote ili ulinganisho uwe wa haki. Bapa ni x + 2y + 2z = 9, vekta yake ni (1, 2, 2) ambayo urefu wake ni 3 kamili. Pembetatu ni A(4, 5, 2), B(2, 3, 5) na C(5, 5, 6). Nimezichagua hizo namba makusudi kwa sababu vivuli vyake vinatoka namba nzima: A' ni (3, 3, 0), B' ni (1, 1, 3), C' ni (3, 1, 2).

Tena zina njia ya kujihakiki. Upande AB uko sambamba na bapa, kwaiyo A'B' lazima iwe na urefu uleule, mzizi wa 17, yani kama 4.12. Eneo la pembetatu yenyewe ni kama 6.87 lakini la kivuli ni 3 kamili. Na ukiiangusha pembetatu hiyohiyo kwenye mstari unaotoka (0, 0, 0) kuelekea (1, 2, 2), A na B zote zinaangukia (2, 4, 4), C inaangukia (3, 6, 6), pembetatu nzima inabaki kipande cha mstari chenye urefu 3. Jaribu namba hizi kwenye programu utakayochagua, eneo likikataa kuwa 3 ujue kuna mahali umekosea kabla hujaingia kwenye kazi yenyewe.

Vigezo

Nimeangalia vitu vitano: unaanzaje mpaka upate kivuli cha kwanza, umbo lililonyooka kama pembetatu linaendaje, lililopinda kama uso au waya wa springi linaendaje, namba zinatoka kamili au za desimali, na gharama pamoja na kifaa, maana si kila mtu ana kompyuta. Mwisho wa kila moja nasema inamfaa nani.

GeoGebra

*Kuanza.* Hapa ndo rahisi kuliko kote. Fungua kikokotoo cha 3D, andika `A=(4,5,2)`, kisha B na C, kisha `p: x+2y+2z=9`, bapa linatokea. Hakuna kujifunza lugha ya programu, kama unaweza kuandika mlinganyo unaweza kuanza.

*Umbo lililonyooka.* Andika `g=PerpendicularLine(A,p)` inachora mstari unaotoka A ukisimama wima juu ya bapa, alafu `A'=Intersect(g,p)` ndo kivuli chenyewe. Rudia kwa B na C, malizia na `Polygon(A',B',C')`, na pembeni kwenye orodha ya aljebra itakuandikia eneo, 3. Kwa upande wa mstari, pitisha bapa kwenye nukta kwa `PerpendicularPlane(A, mstari)` alafu ulikatishe na mstari kwa Intersect. Ukiwa na nukta nyingi weka zote kwenye orodha moja L na uandike `Zip(Intersect(PerpendicularLine(X,p),p), X, L)`, zinashuka zote kwa pamoja.

Sasa kitu ambacho wenzake hawana: shika nukta C kwa kidole uivute, kivuli kinatembea nayo papo hapo na eneo linabadilika mbele ya macho. Ukiivuta C sambamba na bapa unaona kivuli nacho kinasogea kwa umbali uleule, ukiivuta kwa mwelekeo wa vekta (1, 2, 2) pembetatu inarefuka lakini kivuli hakitikisiki kabisa. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja hahitaji tena kuelezwa kwa nini ile sehemu ya n inatolewa kwenye kanuni. Na jua likiwa la mshazari, badilisha tu PerpendicularLine iwe `Line(A, v)` ambapo v ni vekta ya mwelekeo wa mwanga.

*Umbo lililopinda.* Hapa inaanza kuchosha. Waya wa springi kwenye sakafu ni rahisi, kama umeuchora kwa `Curve(cos(t), sin(t), t/3, t, 0, 12)` basi kivuli chake ni hichohicho ila namba ya tatu unaweka 0, unapata duara. Kwenye bapa lililoinama inabidi uiandike kanuni yote ndani ya kila kiratibu, mistari inakuwa mirefu na mabano yanakuchanganya. Nyuso ni hivohivo na `Surface`. Inawezekana, ila siyo raha.

*Namba.* Inaonyesha desimali mbili usipobadilisha mipangilio. Nukta (4, 5, 6) kwenye bapa letu inaangukia (19/9, 11/9, 20/9), GeoGebra itakuandikia (2.11, 1.22, 2.22). Kwa kuangalia inatosha, kwa kujibu swali la "onyesha kwamba" haitoshi.

*Gharama na kifaa.* Bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, iko kwenye simu, na app ukishaishusha inafanya kazi hata bando likiisha. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg kule Austria mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 3D iliingia rasmi na toleo la 5 mwaka 2014, kwaiyo ukikuta toleo la zamani kwenye kompyuta ya maabara ya shule na huoni 3D, ndo sababu.

*Inamfaa* mwalimu, mwanafunzi wa sekondari, wa mwaka wa kwanza, na yeyote ambaye picha haijamkaa kichwani bado.

Maple

*Kuanza.* Ni programu ya kulipia, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, mwaka 1980. Faida yake kwenye hii kazi ni kwamba ina komandi iliyotengenezwa kwa hili hasa. Unapakia `with(plots): with(plottools):` na ndani ya plottools kuna `project`.

*Umbo lililonyooka.* Unaipa picha uliyokwisha kuichora na nukta za bapa. Kwenye bapa letu nukta tatu rahisi ni (9, 0, 0), (1, 4, 0) na (1, 0, 4), kwaiyo:

`T := display(polygon([[4,5,2],[2,3,5],[5,5,6]])):`
`S := project(T, [[9,0,0],[1,4,0],[1,0,4]]):`
`display([T, S], scaling=constrained);`

Ukiipa nukta mbili badala ya tatu inaelewa kwamba ni mstari, `project(T, [[0,0,0],[1,2,2]])`, pembetatu inageuka kipande. Inafanya hivohivo kwa picha za 2D na mstari wa 2D. Angalia kuwa hukuandika vekta ya n popote, hukugawanya kwa urefu, hukuandika kanuni. Ila hakikisha nukta zako tatu hazipo kwenye mstari mmoja, maana hapo hakuna bapa moja linaloeleweka.

*Umbo lililopinda.* Kwangu mimi hapa Maple inawaacha wenzake. Kwa sababu project inakula picha na siyo mlinganyo, haijali umechora nini. Uso wa plot3d, springi ya spacecurve, maumbo matano yaliyounganishwa na display, vyote unavitupia kwa komandi ileile na inashusha kila nukta iliyomo ndani ya picha. Kwa aliyepewa kazi ya aina ya "chora umbo hili kisha onyesha kivuli chake kwenye bapa lile" mistari mitatu imekwisha. Ukitaka mwanga wa mshazari project haikusaidii, inajua pembe mraba tu, unahamia `transform` ambayo unaipa kanuni yako nayo inaigeuza kuwa kitu cha kulisha picha.

*Namba.* Sifa hiyo ya kula picha ina upande wake wa pili. Kinachorudi nacho ni picha, namba zilizomo ni za desimali, huwezi kuiuliza S eneo lake ni ngapi ukategemea jibu kamili. Ukitaka namba kamili unaingia mlango mwingine, pakiti ya geom3d: unaandika `point(A,4,5,6)`, `plane(p, x+2*y+2*z=9, [x,y,z])`, `projection(Q, A, p)`, alafu `coordinates(Q)` inakupa [19/9, 11/9, 20/9] bila kukadiria. Na kwa vekta za aljebra ya mstari kuna `ProjectionPlot` ndani ya Student[LinearAlgebra], inakuchorea vekta na projeksheni yake kwa mara moja, nzuri sana kwa kuelewa. Kwaiyo ni milango mitatu kwa kitu kimoja na mgeni anapotea hapo, anasoma msaada wa projection wakati alichotaka ni project.

*Gharama na kifaa.* Leseni ya kulipia na kompyuta. Vyuo vingine vinayo kwenye maabara, uliza kabla hujatoa hela yako.

*Inamfaa* mtu ambaye tayari anayo, na mwenye maumbo mengi ya ajabu aliyokwisha kuyachora humo.

Python (NumPy, Matplotlib na SymPy)

*Kuanza.* Unahitaji kujua Python kidogo, hakuna namna. Hizo tatu za kwenye mabano ni maktaba zake: NumPy (ndani ya kodi inaandikwa np) ya hesabu za majedwali ya namba, Matplotlib ya kuchora, SymPy ya namba kamili. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja, usianze kujifunza kwa kazi ya Ijumaa.

*Umbo lililonyooka.* Hesabu yote ni mstari mmoja:

`T = np.array([[4,5,2],[2,3,5],[5,5,6]], float)`
`n = np.array([1,2,2])/3`
`p0 = np.array([9,0,0])`
`S = T - np.outer((T-p0)@n, n)`

S inatoka na namba zilezile tulizoziona juu. Mstari: `np.outer(T@n, n)`. Uzuri ni kwamba T ikiwa na nukta tatu au ikiwa na nukta milioni, mstari ni uleule na haukuchukui muda. Mwanga wa mshazari wenye mwelekeo d, ni kubadilisha mwishoni tu: `T - np.outer(((T-p0)@n)/(d@n), d)`.

Kuchora ndo kuna vituko. Cha kwanza, mhimili wa 3D wa Matplotlib hauweki vipimo sawa pande zote, kwaiyo mstari unaotoka A kwenda A' hauonekani umesimama wima juu ya bapa hata kama hesabu iko sahihi, na mtu anaanza kutafuta kosa ambalo halipo. Weka `ax.set_aspect('equal')`, inafanya kazi kwenye 3D kuanzia toleo la 3.6. Na kwa kawaida inatumia mwonekano wa upeo, wa mbali vinakuwa vidogo, ukitaka mistari sambamba ionekane sambamba weka `ax.set_proj_type('ortho')`. Kituko cha pili ni kigumu zaidi, Matplotlib haina 3D ya kweli, inapanga kipi kiwe mbele kwa kuangalia kila umbo kwa ujumla wake, kwaiyo unazungusha picha na ghafla kivuli kinakaa mbele ya pembetatu iliyotakiwa kukiziba. Ukipaka rangi nyepesi yenye alpha 0.4 hivi tatizo linafichika, au ukahamie Plotly, maktaba nyingine ya kuchora.

*Umbo lililopinda.* Uso unakuja kama majedwali matatu X, Y, Z. Unayanyoosha kuwa safu tatu, unashusha, unayarudisha kwenye umbo lake kwa reshape, basi plot_surface inachora. Ni mistari miwili ya ziada. Na kama unachotaka ni kontua (mistari ya kimo sawa) za uso kwenye ukuta au sakafu ya mhimili tu, usihangaike na kanuni, `ax.contour(X, Y, Z, zdir='z', offset=-5)` inaziweka pale, zdir ukiipa 'x' au 'y' zinaenda ukutani. Ila hizo ni kuta za mhimili tu, bapa lililoinama halihusiki.

*Namba.* NumPy inatoa desimali nyingi, 2.11111111. SymPy ndo inatoa kamili: `Plane(Point3D(9,0,0), normal_vector=(1,2,2)).projection(Point3D(4,5,6))` inarudisha Point3D(19/9, 11/9, 20/9). Pia ina projection_line kwa vipande vya mstari. Ni ya polepole, usiilishe nukta laki, lakini kwa mazoezi ya chuo inakupa jibu la kuandika kwenye karatasi.

*Gharama na kifaa.* Bure kabisa, hata kwa biashara. Kwenye simu ya Android kuna Pydroid 3, na mwenye intaneti anaweza kutumia Google Colab bila kusakinisha chochote, ila huko picha ya Matplotlib inatoka imeganda, haizunguki.

*Inamfaa* mwenye data nyingi, anayetaka kazi ijirudie yenyewe kesho na keshokutwa, na anayejua kuwa hesabu hii ni hatua moja tu ya kazi ndefu.

Octave (na MATLAB)

*Kuanza.* Nimeziweka pamoja kwa sababu kwa kazi hii unaandika kitu kilekile. MATLAB ni ya MathWorks na ya kulipia, Octave ni ya bure, John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992 na ikaja kufuata lugha ya MATLAB kwa karibu sana. Uanzaji wake ni wa katikati, siyo rahisi kama GeoGebra, ila matriksi ndo lugha yake ya kuzaliwa kwaiyo maelezo ya kupakia hiki na kile hakuna.

*Umbo lililonyooka.*

`T = [4 5 2; 2 3 5; 5 5 6]; n = [1;2;2]/3; p0 = [9 0 0];`
`S = T - ((T-p0)*n)*n';`
`patch(S(:,1), S(:,2), S(:,3), 'r'), view(3), axis equal`

Ukilinganisha na kanuni ya kwenye daftari unaona imekaa karibu neno kwa neno. Mwanafunzi wa aljebra ya mstari aliyefundishwa matriksi ya projeksheni A(AᵀA)⁻¹Aᵀ anaiandika hapa `P = A*((A'*A)\A')` akaendelea, safu wima za A zikiwa vekta mbili zinazolala ndani ya bapa linalopita kwenye asili, yani (0, 0, 0). Hapo pia unaweza kupima kitu ambacho walimu wanakipenda kwenye mitihani, `P*P - P` lazima itoke sifuri, maana kivuli cha kivuli ni kilekile. Itatoka namba kama 1e-17 na siyo sifuri tupu, usishtuke, ni kompyuta inavyokadiria desimali za mwisho.

*Umbo lililopinda.* Sawa na NumPy, unanyoosha kwa `X(:)`, unashusha, unarudisha kwa reshape, alafu surf. Kontua chini ya uso zina komandi ya moja kwa moja, `surfc` au `meshc`.

*Namba.* Desimali, ila ukiandika `format rat` inakuonyesha 19/9. Kumbuka hilo ni onyesho tu, ndani bado ni desimali na inakutafutia sehemu iliyo karibu.

*Gharama na kifaa.* Octave ni bure na inaenda kwenye kompyuta ya kawaida tu. MATLAB ya chuo nayo tamu mpaka siku unahitimu leseni inakatika, na hapo wengi ndo wanaikumbuka Octave, skripti za aina hii zinahamia bila kuguswa.

*Inamfaa* mwanafunzi wa uhandisi na yeyote anayesoma aljebra ya mstari kwa matriksi.

(Wenye Mathematica msinune, nanyi mna `Projection` kwa vekta na GeometricTransformation kwa maumbo, ila mwenye leseni ya hiyo mara nyingi haji kuuliza achague nini.)

Sasa we uko wapi

Kama una simu tu, usizunguke, GeoGebra. Pydroid iwe ya akiba kwa siku utakapohitaji nukta nyingi.

Kama unafundisha na kuna projekta darasani, GeoGebra tena, andaa faili mapema lenye nukta za kuvuta, na washa mwonekano sambamba ili pembe mraba zisidanganye macho. Bila projekta mwanafunzi mmoja mwenye simu kwa kila meza inatosha.

Kama swali linasema "tafuta viratibu kamili" au "onyesha kwamba", nenda SymPy, au geom3d kama una Maple, na picha uitoe kwingine, hakuna sheria inayosema programu moja ifanye yote mawili. Hata hesabu ya mkono kwa nukta tatu haizidi nusu ukurasa.

Kama maumbo yameshachorwa ndani ya Maple na ni ya ajabu ajabu, usihame, project itamaliza kwa mstari mmoja kile ambacho kwingine utakiandika upya. Lakini kununua Maple kwa ajili ya hili peke yake mi sikushauri.

Kama uko uhandisi na mwalimu wako anafundisha kwa MATLAB, baki kwenye lugha hiyo, sakinisha Octave kwenye kompyuta yako ili usitegemee maabara, na kabla ya kukusanya kazi jaribu skripti pande zote mbili maana rangi na mwonekano wa picha vinaweza vikatofautiana kidogo hata kama namba ni zilezile.

Kama wewe ni wa upimaji au unachezea wingu la nukta kutoka kwenye droni, unataka zote zilale kwenye bapa la ukuta wa jengo ili upate sura yake ya mbele, hapo ni NumPy, na uongeze hatua moja ambayo wengi wanaisahau: nukta zikishalala kwenye ukuta bado zina viratibu vitatu. Chagua vekta mbili za urefu 1 ndani ya ukuta, moja ya ulalo na moja ya wima, zidisha kila nukta kwa hizo mbili, ndo unapata x na y za kupeleka kwenye mchoro bapa wa kawaida.